Je, wajua kwa nini mtoto wa chekechea China anamwita mama yake "he"?

Ukiingia darasa la chekechea kule China wakati wa Kiingereza, muoneshe mtoto wa miaka 5 picha ya mama yake, usishangae akikwambia "he is my mama". Hajachanganyikiwa wala hatanii. Mandarin, yaani Kichina rasmi, ya kuongea ina neno moja tu, ta, kwa baba, kwa mama, kwa kila mtu, kuandika ndo kunatofautiana, na huyu kuandika bado hajui, sikio lake limekua na ta tu. Sasa si ndo "yeye" yetu hiyo? Bongo mtu mzima na digrii yake anasimama kikaoni anamwita bosi wa kike "he" halafu anajishika mdomo 😂

Kwenye matamshi pia. Mandarin haina th, kwa hiyo "thank you" inatoka "sank you", na Wachina wenyewe wanajitania mtandaoni kwa kuiandika san ke you, herufi ambazo ukizisoma moja moja ni "gramu tatu za mafuta". Watu wa pwani th tunayo, thelathini, thamani, ila wale wenzangu wa "selasini" mko kundi moja na Beijing, msinipige. Halafu silabi zao karibu zote zinaishia na vokali au n au ng, ndo maana neno kama "dog" mtoto anaona limekatika njiani analiongezea kavokali mwishoni, yaleyale tuliyofanya sisi tukapata basi na benki.

Ila mbona wanaanza wadogo hivyo? Kiingereza rasmi ni darasa la 3 tangu mwaka 2001, lakini mtihani wa kuingia chuo, gaokao, majimbo mengi una alama 750 na Kiingereza peke yake ni 150, sasa mzazi gani atatulia asubiri. Serikali nayo tangu 2018 inazibana chekechea zisigeuzwe shule ya msingi, hivyo kumkalisha mtoto wa miaka 4 na daftari la grama haipendezi, na hata ukimkalisha hashiki kitu.

Ndo maana utamkuta ticha anaruka kama chura. Kuna njia aliianzisha mwanasaikolojia wa Marekani, James Asher, miaka ya 60: mtoto asikie "jump" aruke, asikie "sit down" akae, mwili uelewe kwanza, mdomo utafuata ukiwa tayari, maana hata lugha ya mama tuliipata hivyo, ulielewa "njoo hapa" kabla hujaweza kuisema.

Na ile "he is my mama" ticha mzuri hasemi umekosea, anaitikia tu kwa furaha "yes, she is your mama!" na wimbo unaendelea, kesho tena hivyohivyo.