Je, wajua kwa nini anayeanza mchezo wa kokwa 21 hashindwi?

Katika nyua za Ujiji na vijiji vya jirani wanakokamua mawese, kokwa za chikichi si kitu cha kutafuta. Mawese yakishatoka, kokwa huanikwa juani hadi zikauke, halafu hupondwa ili kupata mafuta ya mise, yaani kiini kilicho ndani ya kokwa. Omba 21 tu, zimwage chini kivulini, mwite mwenzako.

Mchezo wenyewe ni huu. Kila mmoja kwa zamu yake anaokota kokwa 1, 2 au 3, na hakuna kuruka zamu. Anayeokota ya mwisho ndiye mshindi.

Anza wewe, uokote 1. Zimebaki 20. Kuanzia hapo mwenzako hana njia ya kukushinda, hata awe bingwa wa bao mtaa mzima. Akiokota 3, wewe okota 1, zibaki 16. Akiokota 2, nawe 2, zibaki 12. Akiokota 1, wewe 3, zibaki 8. Umeona mwendo? Chochote anachookota, wewe unakijaliza kiwe 4. Zitafika 4 mbele yake, na hapo aokote 1, 2 au 3, zitakazobaki utazibeba zote kwa mkono mmoja.

Kwa nini 4? Siri inaonekana ukianzia mwisho na kurudi nyuma. Mtu akikuta kokwa 4 ameshapotea, maana hawezi kuzimaliza, na akipunguza anakuachia 3, 2 au 1. Kwa hiyo anayekuta 5, 6 au 7 anashinda, kwa sababu anaweza kumwachia mwenzake 4. Anayekuta 8 hana ujanja, kwani kila atakachofanya kitamwachia mwenzake 5, 6 au 7. Endelea hivyo na utazipata namba za balaa: 4, 8, 12, 16, 20. Hata bao mtu angetamani kulitazama hivi kutoka mwisho, lakini kete zake 64 katika mashimo 32 huzaa njia nyingi mno kwa kichwa cha mtu. Kokwa 21 zinakubali.

Wengi hutosheka hapo, wakaenda kuwashinda wadogo zao. Mimi naona utamu ndiyo kwanza unaanza, kwa sababu hii ni hesabu ambayo sheria zake unaruhusiwa kuzivuruga, jambo ambalo darasani hulipati kirahisi.

Geuza sheria moja tu: anayeokota ya mwisho ameshindwa. Sasa balaa ni kukuta 1, 5, 9, 13, 17 na 21. Tazama hiyo ya mwisho! Aliyekuwa na uhakika wa kushinda kwa kuanza sasa ndiye wa kupotea, akikutana na anayejua. Neno moja limebadilika na kiti cha ushindi kimehamia upande wa pili.

Rudi kwenye sheria ya kwanza, lakini ruhusu kuokota 1, 3 au 5 pekee. Hapo huhitaji akili yoyote. Kila zamu inaondoa idadi witiri, kwa hiyo mkianza na 21, idadi ya zamu hadi kokwa ziishe lazima nayo iwe witiri. Zamu ya mwisho ni ya aliyeanza, acheze vizuri au vibaya. Umetunga mchezo uliokufa, na umejua kwa nini umekufa. Huo nao ni ugunduzi.

Au zigawe kokwa mafungu, tuseme la 3, la 4 na la 5, kila mtu aokote idadi yoyote apendayo, ila kutoka fungu moja tu kwa zamu. Mchezo huu unaitwa Nim, na Mmarekani Charles Bouton aliufumbua wote mwaka 1901. Vunja kila fungu kwa 1, 2, 4: fungu la 3 ni 2 na 1, la 4 ni 4 yenyewe, la 5 ni 4 na 1. Ile 4 ina mwenziwe, 1 ina mwenziwe, 2 iko peke yake. Iondoe hiyo 2 kwenye fungu la 3, na mwenzako amekwisha. Kila zamu yako, hakikisha hakuna kilichobaki bila mwenziwe.

Treni ya Tabora kwenda Kigoma ina saa nyingi, na kokwa zinaingia mfukoni. Kama uko safarini, jaribu hii: kokwa 21, fungu moja, kuokota 1, 3 au 4 tu, wa mwisho anashinda. Safari hii anayeanza ndiye wa kupotea. Namba za balaa zinaanza 2, 7, 9, halafu kuna mwendo unaojirudia hadi kufika 21. Anzia mwisho, urudi nyuma.