Tulimbashiri Elena, Miary Zo akatupita

Chumba changu cha gemu kiko Lamu, Langoni, katika kichochoro ambacho punda wawili wakikutana na mizigo ya mawe, mmoja lazima arudi nyuma. Nina PlayStation mbili, feni moja, na vijana wasiojua kunyamaza. Mchana ugomvi ni mpira. Usiku, baada ya Isha, swali ni moja tu: "Ami, nani anakuja?"

Wanauliza mpiganaji gani ataongezwa kwenye gemu za kupigana, Street Fighter 6 au Tekken 8, wale wanaouzwa kando ya gemu yenyewe, unalipa kisha unampakua. Ni tetesi za usajili, ila mchezaji anayesajiliwa hayupo duniani. Mimi natengeneza mashine hizi na kuzicheza kwa miaka mingi, kwa hiyo swali hili hulijibu kama fundi, si kama shabiki. Ndivyo ninavyojidanganya, angalau.

Tuanze na Elena. Street Fighter 6 ilitoka Juni 2023 ikiwa na wapiganaji 18, yeye hayumo. Kwenye hadithi ya gemu ni Mkenya, ameanza kuonekana 1997 katika Street Fighter III, na silaha yake ni miguu: anapiga capoeira. (Binti wa Kenya na ngoma ya Brazil walikutana wapi, waulizwe Wajapani.) Vijana wangu waliapa kwamba atakuja kwa sababu "hawawezi kutusahau Wakenya". Juni 2025 akaja kweli, wakaimba hadi jirani akagonga ukuta.

Jina walilipatia, sababu waliikosea. Elena alikuwa amesharudishwa kabla, 2014, katika Ultra Street Fighter IV. Maana yake kuna watu huko duniani waliomzoea, wanaomngoja, na mkono wao uko karibu na mfuko. Tazama waliokuja naye mwaka wa pili: M. Bison, kisha Terry Bogard na Mai Shiranui walioazimwa kutoka SNK, kampuni nyingine ya gemu. Hakuna sura mpya hata moja kati yao. Wote wanne wana wapenzi wao wa zamani. Uraia wa mtu hauhesabiwi sana pale mezani.

Sasa faili, maana hapo ndipo penye nyama. Kila apdeti kubwa ikishuka, vijana wananinung'unikia: mbona bando limekwisha na hatujanunua mtu? Sababu ni hii. Wewe hukumnunua Elena, lakini mpinzani wako wa mtandaoni amemnunua, na mashine yako lazima iweze kumchora, kumpa sauti, na kujua teke lake linafika wapi. Kwa hiyo mwili wake unashuka kwako pia. Unachokosa ni ruhusa ya kumchagua. Kazi hiyo haifanywi siku moja. Vipande hutangulia, jina hapa, sauti pale, na wako watu ambao apdeti ikitoka hawachezi, wanaipasua kama samaki kutafuta kilichomo tumboni.

Wakati mwingine hata kupasua hakuhitajiki. Juni 2022, mwaka mzima kabla gemu haijatoka, picha za wapiganaji 22 wa Street Fighter 6 zilivuja, na Capcom, watengenezaji wake, wenyewe wakakiri kwamba wameziona zikizagaa. Wale 18 walikuwemo, na juu yao Rashid, A.K.I., Ed na Akuma. Ndio wanne waliouzwa mwaka wa kwanza, bila kukosea hata mmoja.

Lakini jina ndani ya faili linathibitisha kitu kimoja tu: kuna mtu aliliandika. Wakati wa Mortal Kombat 11, gemu nyingine ya kupigana, Ash wa filamu za Evil Dead alitajwa miezi na miezi, watu wakadai jina lake limeonekana humo. Hakuja mpaka leo. Mtu wa kuazima ana mwenyewe, na mwenyewe akikataa, au bei ikishindikana, jina linabaki limelala pale kama jahazi lisilo na tanga.

Na mimi nilishaumbuka. Mwisho wa Tekken 7, Heihachi anatupwa na mwanawe kwenye volkano. Nikawaambia vijana: yule keshakufa, mwacheni apumzike. Mwaka 2024 akatangazwa kwa Tekken 8. Mahamri niliyonunua siku hiyo yalikula faida ya wiki.

Msimu wa pili wa Tekken 8 ndio ulionifunza zaidi. Anna, Fahkumram, Armor King: wote walikuwa kwenye orodha zetu. Wa nne akawa Miary Zo, binti wa Madagaska anayepigana moraingy, ngumi za kwao, na chumbani kwangu hakuna hata mmoja aliyemtaja. Angemtajaje? Hakuwahi kuwepo. Orodha zetu zote tunaziokota kwenye kumbukumbu, hali watengenezaji wanatazama pengo: mtindo gani wa kupigana haupo, nchi gani haijaguswa. Aliyetuaibisha ni kijana mmoja ambaye mama yake ni wa Komoro. Huo mchezo wa ngumi anaujua, umevuka maji hadi kwao. "Mbona hukusema?" Akajibu hakudhani gemu inaweza kujua mambo ya kwao.

Sasa wamechachamaa. Wanasema anayefuata atatoka Lamu, atacheza kirumbizi, mchezo wetu wa fimbo, na fimbo yake ndefu. Nikawauliza, Tekken ina vitufe vinne, mikono miwili na miguu miwili, fimbo mtaiweka kwenye kitufe kipi? Kimya. Kisha mdogo wao, hata padi inamzidi mkono, akasema: "Ami, na Yoshimitsu wa Tekken, upanga wake uko kitufe kipi?"

Nikawaambia tunafunga.