Kwa Nini Kilima cha Udongo Kisicho na Jengo Kinalindwa na Sheria?

Karibu na mji wa Montgomery, Wales, kuna kilima kilichoota nyasi na miti, kimezungukwa na mahandaki. Hakina ukuta wala lango. Hata hivyo, ukichimba pale bila kibali cha serikali, unavunja sheria. Kuna nini cha kulindwa?

Mahali hapo panaitwa Hen Domen, na ni ngome. Wanormani walioiteka Uingereza mwaka 1066, wakitokea Ufaransa, walikuwa wachache katikati ya watu wasiowataka. Kujenga kwa mawe kungechukua miaka, ilhali udongo na mbao vilikuwepo, na wenyeji walilazimishwa kufanya kazi. Walichimba handaki la mviringo, udongo wakaurundika katikati na kuushindilia, kisha juu wakasimamisha mnara wa mbao. Kando ya kilima palikuwa na ua wenye tuta na uzio wa magogo, makazi ya askari na watumishi. Hen Domen ilijengwa miaka ya 1070 na Roger de Montgomery, mkuu wa Kinormani, ili kulinda kivuko cha Mto Severn. Mwaka 1223 Mfalme Henry wa Tatu alianza ngome ya mawe jirani, na hatimaye ile ya zamani ikaachwa ioze.

Lakini nguzo ikiozea ardhini huacha doa jeusi pale iliposimama. Kati ya 1960 na 1992, mwanaakiolojia Philip Barker na wenzake walichimbua sehemu ya ua, wakikwangua udongo taratibu kwa mwiko wa mwashi. Kwa madoa hayo walitambua nyumba zilizobanana, zikibomolewa na kujengwa upya. Chini ya tuta la ulinzi walikuta jambo linalonigusa zaidi: matuta ya shamba lililolimwa kabla ya Wanormani kufika. Shamba la mtu lilifukiwa, na kwa kufukiwa likahifadhika.

Ushahidi wote huo umo katika mpangilio wa tabaka za udongo, na trekta likilima mara moja tu, hauwezi kurudishwa. Mizizi na mashimo ya sungura nayo huuharibu. Ndiyo maana Cadw, idara ya serikali ya Wales inayosimamia urithi, huyaorodhesha maeneo ya namna hii ili yalindwe kisheria, hata yakiwa ndani ya shamba la mtu binafsi. Wanaakiolojia nao huomba kibali, kwa kuwa kuchimbua ni kuharibu. Sehemu kubwa ya Hen Domen haijaguswa hadi leo.