Kutoimba Wimbo wa Taifa uwanjani si kosa

Pale uwanja wa CCM Kirumba, Mwanza, mechi kubwa zinapofunguliwa kwa Wimbo wa Taifa, hakukosi mtu wa kumkemea jirani yake: "Imba! Utakamatwa." Watu wazima kabisa wanaamini kwamba anayenyamaza anavunja sheria. Imani hiyo ni ya siku nyingi, na imewaonea watu.

Jambo hili limeshafika mahakamani, hapahapa Tanzania. Wanafunzi wa sekondari ambao ni Mashahidi wa Yehova waliadhibiwa shuleni kwa sababu imani yao haiwaruhusu kuimba. Mahakama Kuu iliwakatalia. Hawakukata tamaa, na Julai 2013 Mahakama ya Rufani ikawapa haki. Tena hao walikuwa shuleni, chini ya walimu, sembuse shabiki aliyelipia kiti chake. Marekani nako, Mahakama ya Juu iliamua tangu 1943 kwamba mwanafunzi halazimishwi kuisalimu bendera.

Heshima ni suala jingine, nami naishikilia kwa moyo wote. Simama wima, mikono ubavuni, vua kofia, acha simu. Kirumba utamwona hata muuza karanga ameshusha beseni lake na kutulia mpaka beti ziishe. Huenda hakutamka neno, na hakuna aliyemdharau. Saluti waachie askari waliovaa sare.

Kuzomea au kuvuruga wimbo ni utovu wa adabu, na hapo msimamizi wa jukwaa ana haki ya kuingilia. Aliyesimama kimya mwacheni, mechi ianze.