Je, wajua kwa nini tumbawe uliloliogesha dawa linaliwa tena baada ya wiki tatu?

Swali hili nimelijibu vibaya kwa miezi mingi, na naona wengi tunaofuga matumbawe huku Arusha bado tunalijibu vibaya. Unapata kipande cha akropora, yaani tumbawe la matawi, unakiogesha dawa kwenye bakuli, unaona minyoo wanadondoka kabisa kwa macho yako, roho inatulia, unakiweka tangini. Wiki tatu baadae madoa meupe ya duara yamerudi. Wametoka wapi?

Jibu langu la kwanza lilikuwa kwamba dawa ni feki. La pili, kwamba wamejificha kwenye mawe wakanisubiri. Nikazidisha dozi mara mbili, nikaua kipande kizuri cha bluu nilichokikuza kutoka saizi ya kidole gumba, na minyoo wakarudi vilevile kwenye vipande vilivyobaki. Iliniuma sana. Dawa haikuwa na shida yoyote, na wala hakuna aliyekuwa amejificha kwenye mawe. Shida ilikuwa mayai, na yalikuwa kwenye tumbawe lenyewe muda wote.

Kwa kifupi tu, tumbawe ni mnyama, sio mmea wala jiwe, ila ndani ya nyama yake anaishi mwani mdogo sana unaomlisha. Mnyoo bapa wa akropora, jina la kitaalamu Prosthiostomum acroporae, anakula hiyo nyama, na mwani aliomeza unaonekana kupitia mwili wake mwembamba, kwa hiyo anakuwa na rangi ileile ya anapolala na humuoni hata umulike tochi. Unachokiona ni makovu yake. Taa ikizidi huwa inapausha pale juu panapopigwa na mwanga, mnyoo yeye anaacha vidoa vya duara vimetawanyika na mara nyingi vinaanzia chini kivulini.

Sasa fikiria josho. Wafugaji wa Monduli wanapitisha ng'ombe kwenye josho, kupe walioshika ngozi wanakufa, ila kupe jike akishashiba anadondoka anaenda kutaga chini kwenye nyasi, na hayo mayai josho haliyafikii. Ndo maana ng'ombe haogeshwi mara moja ikaisha, anarudishwa tena na tena ili kupe wapya wanaswe kabla na wao hawajashiba wakatage. Kwa tumbawe ni hivyohivyo, ila hizo nyasi ziko mwilini mwake, maana mnyoo hatagi juu ya nyama hai, anataga kwenye mfupa ulio wazi pale shina linapoanzia. Mayai yake yana ganda na yamegandishwa kwenye mfupa kama mayai ya chawa kwenye unywele, unaosha kichwa chawa wanatoka, yai limeng'ang'ania palepale. Dawa inamuwasha mnyoo mpaka anaachia, yai halina cha kuwashwa.

Ukitaka kuyaona, baada ya kuogesha chukua sirinji isiyo na sindano, vuta maji ya bakuli uyapulize kwa nguvu katikati ya matawi, wale watakaodondoka wanaonekana kama vipande vya ngozi ya kitunguu, bakuli likiwa jeupe ndo vizuri. Halafu geuza kipande juu chini. Pale mpakani nyama inapoishia utaona vitu vya kahawia vimepangwa kama ulezi wa mbege, ila vidogo zaidi. Ndo hayo.

Mimi siku hizi kipande kipya nakikata juu ya hiyo sehemu kwa koleo, shina lote lililokufa natupa, nyama hai naigandisha kwenye kigae kipya kwa gundi. Panaposhindikana kukata nakwangua kwa wembe. Kisha kinakaa tangi la pembeni na kuogeshwa kila wiki kwa wiki sita, maana waliototolewa wanakuwa laini na dawa inawapata, muhimu usiwape muda wakue wakatage. Kama wameshaingia tangi kuu, akropora zote zitoke, kwa sababu mnyoo huyu anategemea akropora na asipoipata anakufa njaa. Kuna wanaoweka samaki wa mistari sita awadonoe, anasaidia kupunguza, lakini mimi simtegemei kumaliza.

Haya yote ni ya mnyoo bapa, usiyahamishie kwa kila mdudu. Aiptasia, yule mnyama laini mwenye minyiri anayeota kwenye mawe ya tangi, ukimkwangua vile unamzidisha, kila kipande cha mguu kinachobaki kinaota kama chipukizi la mgomba. Na kama mawe yako yana zoanthidi, wale wanyama laini jamaa ya matumbawe, usiyachemshe kamwe ili kuua wadudu, baadhi zina sumu ya palitoksini na mvuke wake umeshalaza watu hospitali.

Jambo la mwisho linatuhusu sisi wa huku kwenye baridi. Yai linaanguliwa haraka maji yakiwa ya moto na linachelewa maji yakipoa, kwa hiyo zile wiki sita zinashika kama hita yako inafanya kazi. Mwezi wa sita na wa saba umeme ukikatika usiku tangi la pembeni linapoa kweli, na mayai yanachelewa nalo. Miezi hiyo naandika joto la maji kila asubuhi kwenye daftari, na nikiona limeshuka siku nyingi naongeza raundi mbili za kuogesha kabla kipande hakijagusa tangi kuu.