Satelaiti haijamwona jirani yako akihamisha jiwe la mpaka

Juzi mzee mmoja kanipigia kutoka Mukono, hapa Uganda, hata salamu hazijaisha: "Mwanangu, si wewe ndo wa mambo ya satelaiti? Nitolee picha ya Jumanne usiku, jirani kahamisha jiwe la mpaka." Huyo ni wa nne mwaka huu. Wa kwanza alikuwa anatafuta boda yake iliyoibiwa Wandegeya na nilimjibu vibaya, anisamehe.

Haya. Usiku sahau, kamera hizi zinategemea jua. Sentinel-2, satelaiti za Ulaya za kupiga picha za ardhi, ambazo ndo mkate wangu kwa sababu picha zake ni za bure, ziko juu kilomita 786 na zikiwa mbili inachukua siku 5 hivi mpaka mojawapo irudi palepale. Zikifika kwetu ni saa tano asubuhi na kidogo, zinapiga, zimeshaenda. Hakuna video. Zile za hali ya hewa zilizo kilomita 36,000 juu, mfano Meteosat za kizazi cha pili, zinapiga kila dakika 15, ila pikseli moja, yaani kidoti kimoja cha picha, ni kilomita 3 kwa 3. Mtafute jirani humo.

Sasa pikseli. Sentinel-2 ikijitahidi sana ni mita 10 kwa 10. Plot ya kawaida hapa, fifti bai handred (futi 50 kwa 100), ni kama mita 15 kwa 30, yaani nyumba, choo, migomba na mbuzi wote wamebanwa kwenye pikseli nne na nusu. Jiwe limesogea mita moja? Hamna kitu.

"Lakini kwenye simu naona hadi bati langu!" Hapa ndo huwa nachoka. Hiyo unayoona kwenye simu imeshonwa vipande vipande, vingine vya satelaiti za biashara zinazofika sentimita 30 hivi, vingine vya ndege, na kila kipande na tarehe yake, unaweza kukuta kwako ni ya mwaka juzi na ng'ambo ya barabara ni ya miaka sita nyuma. Nimeshakaa kwenye kikao cha ardhi kwa mwenyekiti wa LC, yaani baraza la mtaa, mtu kaleta skrinishoti kama ushahidi, nyumba anayoigombania haimo kwenye picha kwa sababu picha ni ya kabla haijajengwa, na upande wa pili ukashangilia! Halafu hata tarehe ikiwa sawa, picha yenyewe inaweza kuwa imeteleza mita kadhaa kutoka mahali halisi, hasa kwenye vilima, maana satelaiti mara nyingi inatazama kwa ubavu na ramani ya miinuko inayotumika kuinyoosha ni ya kubahatisha kidogo. Mstari ukiangukia ndani ya ukuta wa jirani haimaanishi kaiba ardhi. Mzee nimempa namba ya mpima ardhi, akasema huyo anataka hela, satelaiti si ya bure?

Wengine wananiambia tutumie ya kwetu, PearlAfricaSat-1, satelaiti ya kwanza ya Uganda. Nami niliifurahia ilivyorushwa 2022, lakini ilikuwa boksi la sentimita 10 kila upande jamani.

Mawingu sitaki hata kuyaongelea. Masika yakianza naweza kupakua picha za mwezi mzima nikapata pamba tupu. Rada ya Sentinel-1 inapenya mawingu, sawa, ila picha yake ina chenga chenga na ukimwonyesha mkulima anadhani simu imeharibika.

Na mimi pia sina kiburi sana. Huku Buganda kahawa iko chini ya migomba, migomba iko chini ya miti mikubwa ya mituba, na juu wote wanang'aa kijani kilekile. Kuna ramani nimetoa yenye rangi safi kabisa, hapa matooke (ndizi za kupika), hapa kahawa, mteja kafurahi kalipa, na mpaka leo kuna kona za ile ramani nisingeweka shilingi yangu hapo.