Nyuzi 54 si maradufu ya nyuzi 27

Wiki hii nimesahihisha tena swali lilelile: gesi yenye ujazo wa sentimita za ujazo 300 katika nyuzi 27 za selsiasi inapashwa joto hadi nyuzi 54, kanieneo (msukumo wa gesi kwenye kuta za chombo) isibadilike, je, ujazo wake utakuwa kiasi gani? Daftari baada ya daftari nakuta 600, na moja limepigiwa jibu hilo mistari miwili kwa rula. Jibu sahihi ni 327, kwa kuwa tunalinganisha kelvini 327 na kelvini 300, yaani nyuzi za selsiasi zikiongezwa 273.

Kinachonikera si hesabu, bali imani kwamba kuongeza 273 ni desturi ya mtihani tu. Kanuni ya Charles, isemayo kuwa ujazo wa gesi huongezeka kwa uwiano na jotoridi kanieneo isipobadilika, inagawanya jotoridi moja kwa jingine, na kugawanya huko kuna maana pale tu kipimo kinapoanzia kwenye sifuri ya kweli. Sifuri ya selsiasi ni pale maji yanapoganda, na gesi iliyomo kwenye bomba la sindano haihusiki na kuganda kwa maji. Kanieneo, kwa upande wake, unaweza kuiacha katika milimita za zebaki pande zote mbili bila kuigeuza kuwa paskali, kwa sababu vizio hivyo vina sifuri moja na vitafutana vyenyewe.

Hata hapo pana mtego. Tairi la baiskeli lililolala kwa pancha, geji yake husoma sifuri, ilhali ndani bado mna hewa yenye kanieneo sawa na ya nje, takriban kilopaskali 100 katika usawa wa bahari. Kwa hiyo geji ikisoma 200, kwenye fomula weka 300. Kosa ni lilelile la selsiasi.

Kanuni ya Boyle, inayohusisha kanieneo na ujazo, haina tatizo hili la nyuzi, maana jotoridi halibadiliki.

Lipo jambo ninalolifundisha kwa shaka. Mstari wa grafu ya ujazo dhidi ya jotoridi tunaurefusha kwa nukta hadi nyuzi -273, ambako ujazo ungefika sifuri, ingawa oksijeni huwa kimiminika ikifika -183 na naitrojeni -196, yaani hakuna gesi inayoufuata mstari huo hadi mwisho. Mwanafunzi akiuliza kwa nini aziamini nukta hizo, humwambia achore mistari ya gesi kadhaa, airefushe yote, kisha aangalie inapokutania. Huridhika, mimi jibu hilo huniridhisha nusu tu.